Kupaka rangi mlango wa chuma: Jihadhari na rangi kuukuu

MLANGO wa mbele katika nyumba nyingi kando ya Barabara ya Magadi, kutoka Kiserian hadi Oltepesi, ni wa chuma kilichochomelewa na mafundi wa jua kali. Mchwa hawauwezi, lakini kutu huutafuna kuanzia ukingo wa chini, mahali ambapo maji ya kupigia deki hutuama na brashi ya fundi haikufika.

Anayetaka kuupaka upya hana budi kuchunguza kwanza rangi iliyopo. Rangi za mafuta za zamani, hasa za manjano na nyekundu, mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Msasa mkavu huzigeuza kuwa vumbi, nalo humwingia mtoto kinywani kupitia mikono yake. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na madhara yake kwa ubongo wa mtoto huenda yasitibike.

Katika jamii ya wafugaji hatari hiyo hufika hadi zizini. Ng'ombe hulamba mabaki ya rangi na makopo yaliyotupwa. Ndama huathirika upesi: husaga meno, hutetemeka, hupofuka na hatimaye kufa.

Kwa hivyo tandika karatasi ya plastiki, watoto na mifugo wakae mbali, kisha utumie msasa wa maji ukiulowesha mara kwa mara. Usiichome rangi kwa moto. Kusanya mabaki yote na kuyafunga. Futa mlango mara moja, kwani chuma kilicho wazi hushika kutu upesi; hapa jua la Oltepesi ni msaada mkubwa.

Jua hilo hilo ndilo adui wakati wa kupaka. Rangi iliyopakwa juu ya chuma chenye moto hukauka juu ikiwa bado mbichi chini, kisha hufanya malengelenge. Anza asubuhi na mapema, kabla upepo haujaleta vumbi. Mlango ukikuchoma kiganja, ahirisha.

Futa mafuta kwa kitambaa chenye thina, halafu paka rangi ya kuzuia kutu siku iyo hiyo. Ikikauka, paka rangi ya mafuta mara mbili, nyepesi nyepesi, ukizingatia muda ulioandikwa koponi. Rangi nyeusi huvutia macho, ila hunyonya joto kupita kiasi.

Wenye milango ya fibaglasi wana kazi ndogo, kwani haishiki kutu: sabuni, msasa laini na rangi inayofaa vinatosha.

Dukani, tafuta kopo lililoandikwa kuwa rangi haina risasi na lenye alama ya Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS). WHO inapendekeza risasi isizidi sehemu 90 kwa kila milioni. Kopo likiisha, lisigeuzwe chombo cha kutekea maji, hata kiangazi kikiwa kikali namna gani.