Dawa mpya ya figo? Aliye kwenye dialisisi aulize kwanza ilijaribiwa kwa nani

Kila baada ya muda ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba dawa mpya ya figo imepatikana. Kwa mgonjwa wa Mbagala au Bunju anayeamka alfajiri mara 3 kwa wiki kuwahi mashine ya kusafisha damu, na kukaa hapo saa 4 hivi, habari kama hiyo haipiti hivihivi.

Jambo la kwanza ni kujua dawa ilijaribiwa kwa nani. Mwaka 2022 utafiti wa EMPA-KIDNEY, wenye wagonjwa zaidi ya 6,600, ulionyesha kuwa empagliflozin hupunguza kasi ya figo kuharibika. Ila walioanza dialisisi hawakushirikishwa. Ni habari njema kwa ndugu mwenye kisukari ambaye figo zake ndiyo kwanza zinalegea. Kwa aliye kwenye mashine, haijibu swali lake.

Na dawa inayosaidia wengine inaweza kugoma kwa mgonjwa wa dialisisi. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walitangaza matokeo ya kuwapa atorvastatin wagonjwa wa kisukari waliokuwa wakisafishwa damu. Walikuwa 1,255. Kolestro ilishuka vizuri tu, lakini vifo vya moyo, mshtuko wa moyo na kiharusi kwa jumla havikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Mwaka 2025 ikawa zamu ya spironolactone, dawa ya siku nyingi ya moyo: wagonjwa zaidi ya 2,500 katika nchi 12, na faida haikuonekana.

Ndiyo maana matokeo ya utafiti wa PISCES, Novemba 2025, yaliwashtua wengi. Wagonjwa 1,228 wa dialisisi nchini Canada na Australia waligawanywa: wengine walipewa gramu 4 za mafuta ya samaki kila siku, wengine mafuta ya mahindi. Matatizo makubwa ya moyo na mishipa yalikuwa pungufu kwa asilimia 43 kwa waliopewa ya samaki. Asilimia hiyo ni tofauti kati ya makundi mawili. Haina maana kwamba watu 43 kati ya 100 walipona, na hakuna figo iliyofufuka.

Kuna mtego mwingine dukani. Vidonge vingi vya kawaida vya gramu 1 vina miligramu 300 hivi tu za omega-3 zenyewe. Vinne kwa siku vinatoa karibu nusu ya kile walichopata washiriki. Dagaa wakavu nao si mbadala: wakiliwa na mifupa yao wana fosforasi nyingi, kitu ambacho mgonjwa wa dialisisi anahimizwa kukipunguza.

Anayetaka kujaribu amwambie daktari au nesi wa kitengo chake kabla ya kununua, maana wagonjwa wengi huwekewa heparini ili damu isigande kwenye mashine, na mafuta haya kwa dozi kubwa yanaweza kuongeza uwezekano wa kutokwa damu. Aangalie pia kama bidhaa imesajiliwa na mamlaka husika.

Hatari kubwa zaidi ni kuruka awamu moja ili hela ya dialisisi inunue dawa ya kwenye simu. Maji na potasiamu hujaa mwilini, na potasiamu ikipanda sana moyo unaweza kusimama ghafla.