Kusafisha picha za magazeti ya zamani bila kuziharibu

Katika vitabu vya chama tumezoea kusoma juu ya ngoma, mahari na mizimu. Kuko urithi mwingine ambao watu wanaufungia karanga: yale magazeti madogo ya picha za kuchekesha.

Mwaka 1968 Achille Ngoie na Freddy Mulongo walianzisha Jeunes pour Jeunes kule Kinshasa. Kisha, tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu akatangaza mwisho wa chama kimoja, na kalamu zikafunguka. Mwaka ule ule Papa Mfumu'eto wa Kwanza alianza kuchora, kuandika na kuuza mwenyewe magazeti yake, kwa Kilingala cha mtaa. Hadithi yake iliyosifika sana ni ya mwanaume anayegeuka joka na kumeza mwanamke, halafu anatapika pesa. Jina la mkubwa halikuhitajika, wasomaji walielewa.

Karatasi ilikuwa ya bei ndogo na ilipita mkono kwa mkono mpaka kuchanika. Leo Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, kinatunza michoro na magazeti yake. Tunafurahi, hata kama inatuuma kidogo kwamba Mkongomani apitie ng'ambo ili aone kilichouzwa sokoni kwake. Lakini huku Goma tunajua karatasi inaishi namna gani: tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na vitabu viliwaka pamoja na nyumba.

Basi mwenye nakala aipige skani sasa. Aweke karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa, ili wino wa upande wa pili usitokeze. Apige kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, hata kama mchoro ni mweusi mtupu, na ile faili ya kwanza ya TIFF asiiguse kamwe. Afanye kazi juu ya nakala. Kwa nini rangi? Ordinatere inagawa picha katika nyekundu, kijani na bluu. Umanjano wa uzee unaonekana sana kwenye bluu, lakini kwenye nyekundu unapotea karibu wote, na mstari mweusi unabaki. Programu ya GIMP inafanya hiyo bila malipo.

Wengi wanakimbilia kugeuza kila kitu kuwa nyeusi au nyeupe tu. Hapo mistari myembamba, ya kope au ya moshi, inakatika, nao wanaichora upya kwa mkono wao. Huo si mchoro wa mwenyewe tena! Tena Kilingala cha mtaa hakifuati tahajia ya shule, na sisi walimu vidole vinatuwasha kusahihisha. Tusiguse. Tundu likila uso wa mtu, libaki tundu mpaka ipatikane nakala nyingine yenye uso ule, na iandikwe pembeni kipande kipi kimetoka wapi. Na doa la mafuta? Kama halifuniki mchoro, sisi tungeliacha: linaonyesha gazeti lilisomwa, pengine mtu akiwa anakula.