Al-Inkishafi: Kuchambua Umbo, Mizani na Hisia za Shairi

Msikilizaji, wengi tukiulizwa kuhusu shairi hutaja beti, vina na mizani, kisha tunaweka kalamu chini. Hapo kazi imefika nusu. Swali linalobaki ni hili: umbo hilo linaleta hisia gani? Tuchukue mfano wa Al-Inkishafi, utungo mkongwe wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, katika visiwa vya Lamu, Kenya.

Umbo

Kila ubeti una mishororo 4. Mitatu ya kwanza hushiriki kina kimoja, nacho hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Mshororo wa nne huishia kwa "ye" katika utungo mzima. Hicho ndicho kina cha bahari.

Mizani

Mizani ni silabi zinazotamkwa. "Mbuzi" ina mizani 2. "Nchi" nayo ina 2, kwa kuwa "n" hapo husimama peke yake. Tenzi nyingi zina mizani 8 kwa mshororo. Al-Inkishafi ina 10 au 11, na mara nyingi pumzi hukatwa baada ya mizani ya 6. Kipande cha kwanza huwa kirefu, cha pili kifupi. Usome kwa sauti na kwa utulivu, utasikia kama mtu anayeshusha pumzi. Ukiusoma mbio kama utenzi wa vita, huzuni yake inapotea.

Hisia

Mshairi anauhutubia moyo wake mwenyewe, hivyo anatuonya bila kutunyooshea kidole. Anataja majumba ya Pate yaliyong'aa kwa taa na vyombo vya kaure, ambayo sasa ni makao ya popo na bundi. Anauliza wenyewe wamekwenda wapi.

Sasa rudi kwenye kile kina cha "ye". Mara nyingi hutokana na vitenzi vyenye "-iye", umbo la Kiamu linaloeleza jambo lililokwisha kutimia, kama "-me-" ya Kiswahili sanifu. Beti nyingi, basi, hufungwa na jambo lililokwisha, lisilorudi nyuma. Hapo ndipo kina na huzuni vinapokutana.

Kwa hiyo, ukipewa shairi lolote, hesabu kwanza, kisha lisome kwa sauti. Halafu uulize: mpangilio huu unanifanya nihisi nini, na ni neno gani linalothibitisha?