Saa ya Mkononi: Kwa Nini Bado Tunaipenda?

Ndugu wasomaji, leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo. Kuna swali limekuwa likinisumbua: kwa nini watu wanapenda saa za mkononi, hasa zile za zamani zisizotumia betri? Simu iliyo mfukoni inajua wakati kuliko saa yoyote ya ufunguo. Lakini pita maeneo ya sokoni hapa Morogoro mjini. Utamkuta fundi saa kainamia meza yake, lenzi jichoni, na mbele yake mzee aliyeshuka milimani asubuhi kuleta saa iliyosimama. Hela anayolipa ingetosha kununua saa mpya ya Kichina, tena inayokwenda sawasawa zaidi. Lakini mpya haitaki. Anataka ile ile.

Wapo watakaosema ni ufahari tu. Sikatai, ufahari upo. Kuna watu mijini wanavaa saa yenye bei ya nyumba, na wengine wengi wanavaa feki yake. (Ndugu zetu wa Uganda wametupita kwa akili: Rolex yao ni chapati na mayai, na unashiba!) Ila mzee wa Mgeta au Matombo hana wa kumringia. Kwa hiyo naomba turudi kwenye historia.

Tuanze na lugha. Kiswahili kinasema "kutega majira", maana yake kurekebisha saa ili iende sawa. Majira hayo hayo ndiyo masika na vuli. Kwa mkulima wa Uluguru wakati ulikuwa jogoo, jua na mvua, na ndiyo maana Kingalu wa Kinole aliheshimiwa kwa mambo ya mvua. Hata saa zetu tunazihesabu kwa jua: likichomoza tunaanza, na saa moja ni baada ya hapo. Mshale mdogo uko kwenye 7, sisi tunasema saa moja. Uko kwenye 10, tunasema saa nne. Kila siku tunasoma namba moja na kutamka ile inayotazamana nayo, wala hatuoni ajabu! Wapo wazee waliotega saa zao Kiswahili kabisa, ili namba iseme kile ambacho mdomo unasema.

Sasa dakika na sekunde zilifikaje huku? Mwaka 1857 Richard Burton na John Speke walipita Zungomero, chini ya milima yetu upande wa kusini-mashariki, wakielekea Ziwa Tanganyika. Walibeba saa za kupimia. Ukijua saa ya mahali ulipotoka, na jua likakuonyesha saa ya mahali ulipo, tofauti yake inakuambia umekwenda mashariki au magharibi kiasi gani: kila dakika 4 ni digrii moja. Bila saa, ramani haichoreki. Safarini saa zao zikaharibika, ikabidi watundike risasi kwenye uzi wa karibu mita moja, waiache ibembee na kuhesabu sekunde kwa njia hiyo.

Baada yao wakaja wamisionari na kengele zao, katika miaka ya 1880. Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, na 1907 ikafika Morogoro. Treni haimsubiri jogoo. Yakafuata mashamba ya mkonge, kibarua akapewa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ilihesabiwa ukimaliza ngwe yako. Na nani aliyesema umewahi au umechelewa? Msimamizi, kwa sababu saa ilikuwa mfukoni mwake. Wewe ulisikia kengele tu, pengine kipande cha reli kilichoning'inizwa mtini. Huwezi kubishana na kengele.

Hapo ndipo naliona jibu. Saa ilifika kwetu ikiwa mkononi mwa mtu mwingine, ikitupangia. Mfanyakazi wa reli, mwalimu au kibarua wa mkonge aliyefanikiwa kununua ya kwake alikuwa amenunua haki ya kusema: "Hapana bwana, bado dakika kumi."

Na ule wakati wenyewe bado si wa kwetu sana. Saa ya Afrika Mashariki inafuata mstari wa digrii 45 mashariki, unaopita karibu na Mogadishu. Morogoro tuko kwenye digrii 37 na ushei. Piga hesabu ya dakika 4 kwa digrii: jua letu liko nyuma ya saa zetu kwa karibu nusu saa!

Tazama sasa picha za studio za miaka ya 1960 na 1970 katika albamu za nyumbani. Mara nyingi mkono wenye saa umeletwa mbele, shati limevutwa juu kidogo. Si kwetu tu. Mpiga picha maarufu wa Bamako, Seydou Keïta, aliweka saa studioni ili wateja wasio nazo wavae wakati wa kupigwa picha. Watu walitaka wakumbukwe hivyo, kama watu wenye wakati wao wenyewe.

Mwaka 1963 Wajapani walitoa Seiko 5, saa ambayo wazee wengi wa hapa wanaijua vizuri. Haina betri. Ndani yake kuna kipande kizito cha nusu duara kinachozunguka kila unapotikisa mkono, na kuzunguka huko kunakaza springi. Springi nayo inasukuma magurudumu yenye meno hadi kwenye gurudumu dogo linaloyumba huku na huku, mapigo kadhaa kwa sekunde. Sasa mfikirie mtu anayepanda Uluguru na mzigo wa ndizi. Kila hatua anaijaza saa yake. Akiivua na kuiweka kama siku mbili, inasimama. Inakula nguvu zake mwenyewe. Unaweza kusema hivyo kuhusu simu?

Kuna jambo jingine la Kiluguru. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na ardhi ya ukoo baba hawezi tu kumkabidhi mwanawe apendavyo. Lakini saa aliyoinunua kwa mshahara wake? Hiyo ilikuwa yake. Angeweza kuivua na kumvalisha mtoto. Mimi naamini hiyo ni sababu mojawapo ya saa hizi kutunzwa mno: ni kitu kidogo ambacho baba angeweza kukitoa bila kikao.

Desemba 1969 Seiko hao hao walitoa saa ya kwanza ya mkononi ya kwatsi. Uswisi ikatikisika: wafanyakazi wa viwanda vyake vya saa walipungua kutoka kama 90,000 mwaka 1970 hadi kama 30,000 katikati ya miaka ya 1980. Haikuwa bure. Saa ya springi hukosea sekunde kadhaa kwa siku, wakati ya betri hukosea kiasi hicho kwa wiki kadhaa. Kwa usahihi, ile ya zamani ilishashindwa. Ila inafunguliwa, inasafishwa, inatiwa mafuta, inaendelea. Anayeivaa leo anajua ilikuwa mkononi mwa nani.

Kinachonitia wasiwasi ni mafundi. Wengi ninaowaona ni wazee, na sioni vijana wakikaa nao kujifunza. Wakiondoka, saa zitabaki masandukuni, na habari zake zitapotea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kama nyumbani kwenu kuna saa iliyosimama, usiitupe wala kumpa mtoto aichezee. Ipeleke kwa fundi angali yupo. Halafu muulize mzee wenu: ilinunuliwa mwaka gani, kwa mshahara wa kazi gani, na siku ya kwanza aliivaa kwenda wapi? Andika jibu.