Meno ya Difu

Gari kuukuu haziwekewi kumbukumbu nzuri Pemba. Kadi hubaki kwa mwenye gari wa tatu nyuma, bati la chasisi huliwa na hewa ya chumvi, na injini ya Land Rover huenda ilishang'olewa zamani ikatiwa ya Toyota. Anayetaka kujua alichonunua hana budi kuiuliza difu ya nyuma. Humo mna gia ndogo inayozungushwa na shafti, nayo huzungusha gia kubwa. Gawanya meno ya kubwa kwa meno ya ndogo.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, Zanzibar ingali chini ya himaya ya Uingereza. Ya kwanza kabisa zilikuwa na difu nzito zaidi, lakini muda si mrefu kiwango kikawa 4.7, yaani meno 47 kwa 10, kikadumu hivyo hadi Series III. Ilikuwa gari ya mashamba: polepole, lakini inapanda.

Na Pemba ni kupanda na kushuka. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo karafuu nyingi zimetoka kwenye vilima hivi. Gunia lililojazwa bondeni lazima lipandishwe ndipo lifike barabarani.

Range Rover ya 1970 ilitengenezwa kukimbia kwenye lami. Difu yake ni 3.54, na Land Rover 110 ya 1983 ikairithi. Kwa nje difu hizi mbili ni kama pacha, na ya Range Rover huingia kwenye eksili ya zamani. Mwenye gari hufurahi: injini ikizunguka vilevile, mwendo umeongezeka kwa thuluthi. Robo ya nguvu iliyopotea ataikuta kilimani, na mzigo na watu nyuma, klachi ikinuka. Akiwa amebadilisha ya nyuma peke yake, masika yakifika na akatia gia ya magurudumu manne, difu mbili zitavutana mpaka kitu kikatike.

Kuhesabu si kazi ngumu. Ila breki ya mkono ya gari hizi za zamani hushika shafti ya nyuma, si magurudumu, kwa hiyo lazima uiachie. Basi zuia magurudumu ya mbele kwa mawe makubwa kabla hujaingia chini. Tia nyutro. Inua gurudumu moja la nyuma, jingine likanyage ardhi. Piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye shafti. Zungusha tairi mara 20, si 10, kwa sababu la pili limesimama na difu hugawa mzunguko nusu kwa nusu. Mwenzako ahesabu shafti.

Ikiwa 47, ni ya asili. Ikiwa 35 na ushei kwenye gari unayoambiwa ni ya miaka ya 1960, kuna mkono ulishapita humo. Hamisha mawe na jeki, ukahesabu na ya mbele.