Watu wa Bara, Mlifikaje Pwani?

Kuna swali linarudi kila tukiwasha maikrofoni: eti watu wa Samad Ash Shan, mji wa mitende na milima, Kiswahili walikipata wapi? Ukitazama ramani, bahari iko mbali. Samad iko ndani kabisa, wilaya ya Al Mudhaibi, Sharqiyah Kaskazini. Mimi naona jibu limo kwenye ramani hiyohiyo, ila uisome kama wazee walivyoisoma, yaani kwa kufuata maji.

Tuanze na falaj. Maji yanatolewa chini ya mlima na kuletwa shambani kwa mfereji, mara nyingi wa chini kwa chini. Pampu hakuna, ni mteremko tu. Kila mwenye shamba ana zamu yake, na kipimo chake huitwa athar, kama nusu saa hivi. Na watu wameishi hapa zamani mno. Miaka ya 1980 wataalamu wa makumbusho ya madini ya Bochum, Ujerumani, walifukua makaburi ya kale hapa, na kipindi kizima cha mwisho wa zama za chuma Oman kikapewa jina la Samad. Si mchezo!

Lakini falaj ina kikomo. Mvua ikikosekana miaka kadhaa, maji yanapungua, mitende inakauka. Watoto wakizaliwa wengi, zamu ya maji haiongezeki. Weka na madeni juu yake, weka na ugomvi wa makabila. Kijana wa karne ya 19 afanye nini? Anateremka Sur.

Njia inapita Ibra, kisha Bidiyah, mchanga wa Wahiba ukiwa upande wa kulia, mpaka unanusa chumvi. Pwani ile mpaka leo ina utulivu wake. Kuna Qalhat, bandari aliyoifikia Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Kilwa mwaka 1331. Wareno waliiteketeza Qalhat mwaka 1508. Lililobaki limesimama ni kaburi la Bibi Maryam. Kuna Ras al Jinz, ambako kasa hupanda ufukweni usiku kutaga mayai. Na kuna Sur yenyewe, mji wa mafundi wa majahazi. Nenda kalione Fatah al-Khair, lililoundwa hapo mwaka 1951.

Kaskazi ikivuma, kuanzia Disemba hivi, majahazi yalishuka na tende, chumvi na samaki mkavu mpaka Lamu, Mombasa, Unguja. Kusi ikianza yalirudi na boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji. Kumbe upepo ndio uliokuwa ratiba. Asiyewahi kusi alibaki msimu mzima, na wengi waliobaki walioa, wakalima karafuu au wakafungua duka, wakaingia bara mpaka Tabora na Kongo. Watoto wao wakalelewa kwa Kiswahili.

Hapa tusirembe. Majahazi hayohayo yalipakia pia watu waliouzwa, na mashamba ya karafuu yalilimwa na watumwa. Biashara hiyo ya baharini Sultan Barghash aliipiga marufuku kwa mkataba wa 1873, lakini utumwa wenyewe Unguja uliendelea mpaka 1897. Kiswahili cha Oman kimekuja na mabibi wengi, na si wote waliopanda jahazi kwa hiari. Nikisikia mtu anajisifu nasaba ya baba tu, huwa namuuliza: na bibi yako je, alitoka wapi? Nusu ya historia yetu imelala kwenye swali hilo.

Halafu ikaja 1964, mapinduzi ya Zanzibar, na baada ya 1970 Sultan Qaboos akawaita Waomani warudi kujenga nchi. Walirudi na shahada, mapishi na lugha. Wengine Kiarabu kilikuwa kizito mdomoni, na wakaitwa Wazanzibari katika mji wa babu zao wenyewe.

Kwa hiyo Kiswahili chako si cha kuokota, ndugu yangu. Kina njia yake, kuanzia mfereji mpaka bandari, na unaweza kuipita kwa gari siku moja. Ukienda, mchukue mzee wa kwenu. Mkifika Sur, muulize jahazi la nani liliwachukua, mwezi gani, na nani aliachwa nyuma. Washa simu urekodi. Wanaokumbuka wanapungua kila mwaka, na sisi ndio tuliobaki kuwauliza.