Masalio ya dawa kwenye mboga: Maji pekee hayatoshi

WAHENGA walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Sukuma wiki isiyo na hata tundu moja la kiwavi humvutia mnunuzi sokoni, lakini uzuri huo si ithibati ya usalama. Masalio ya dawa za kuulia wadudu hayaonekani kwa macho.

Dawa hizi ni za aina mbili. Zipo zinazobaki juu ya jani au ganda, na zipo zinazofyonzwa na mmea hadi ndani. Kuosha mboga kwa maji yanayotiririka hupunguza zile za kwanza. Za pili haziondoki hata mpishi asugue vipi.

Kwa hivyo, kinga kuu imo shambani. Kibandiko cha kila dawa iliyosajiliwa huonyesha idadi ya siku ambazo mkulima hana budi kusubiri baada ya kunyunyiza kabla ya kuvuna, ili dawa ipungue nguvu. Hatari huzuka anaponyunyiza leo na kuvuna kesho. Nyanya ni mfano mwafaka: tangu nondo aitwaye Tuta absoluta aingie nchini mwaka 2014, wengi hunyunyiza mara kwa mara, ilhali nyanya haziivi kwa pamoja na huchumwa kila baada ya siku chache.

Mnamo 2013, Muungano wa Ulaya ulianza kukagua asilimia 10 ya shehena za mishiri na minji kutoka Kenya kwa sababu ya masalio yaliyozidi kiwango. Wakulima wanaouza ng'ambo wakalazimika kuweka rekodi za kila dawa. Mboga za sufuria zetu hazipitii uchunguzi mkali kama huo.

Anayetaka mboga zilizokuzwa bila kemikali za viwandani na atafute alama ya Kilimohai, inayotumika Afrika Mashariki tangu 2007. Bila alama hiyo au kumjua mkulima, neno "asilia" hubaki ahadi ya mdomo tu.

Asiyeimudu bei yake asiache kula mboga, kwani manufaa yake kwa mwili ni mengi. Aoshe vyema, amenye zinazomenyeka, apande sukuma wiki kwenye gunia akiweza, na amuulize mama mboga: shamba hili lilinyunyizwa lini?